Pamba ya Kalafati

Gazi,
Jumamosi, 14 Septemba 1963

Kwa Ami Kitsao,

Shikamoo. Huenda hunikumbuki. Mimi ni Mwanatumu, binti wa kwanza wa Athmani wa Gazi, rafiki yako mliyekuwa naye jeshini Burma mkiendesha malori. Mara ya mwisho ulipokuja kwetu nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango, na marehemu mama akakuambia, "Usimshangae huyu, hata kuku akimtazama sana huingia ndani." Ni kweli. Kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema.

Tangu mama alipofariki tarehe 9 Mei nimeacha shule, nikiwa darasa la nane, ili niwapikie baba na wadogo zangu. Walimu walikuja kuzungumza na baba naye akawasikiliza vizuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyekataa kurudi.

Ninakuandikia kwa ajili ya gari. Lile Ford letu la mwaka 1949 limekaa bandani tangu siku ya msiba. Baba haligusi. Akitaka kwenda kisimani huzunguka nyumba upande wa pili ili asilipite. Sasa Bwana Mwinga wa Mkongani, mwuza ng'ombe, amekubaliana naye kulinunua. Atakuja siku chache baada ya sherehe za Uhuru pamoja na fundi wake, na huyo fundi ataifungua injini aitazame ndani.

Mimi nataka kuifungua kabla yake. Si yote. Ni pale ubavuni tu, kwenye lile bomba la chuma lenye matawi linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini, ambalo baba huliita manifoldi. Nasikia ukilifungua lazima uweke gasketi mpya, na mipira ya hewa inayotoka hapo nayo imezeeka. Naomba unipatie gasketi na mipira hiyo, na unieleze jinsi ya kuifunga. Spana za baba zipo.

Nina swali moja pia. Mtu asiyejua akitia kitu katika ule mwungano wa bomba na injini, kitu kama uzi, injini inaweza kuzimika kwa sababu hiyo? Naomba unijibu ukweli, hata kama ni mbaya.

Baba hajui kwamba nimekuandikia. Barua zetu huja dukani kwa Bwana Abdulkadir, na ni mimi ninayekwenda kuzichukua.

Mwanao,
Mwanatumu binti Athmani


Mombasa,
21 Septemba 1963

Mwanangu Mwanatumu,

Marahaba. Nakukumbuka. Niliona jicho moja na pindo la leso.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Binti wa Athmani ataka kufungua injini! Baba yako mwenyewe, siku ya kwanza aliyoshika spana kule Burma, alifungua nati ya oili huku amelala chini yake, tukamwita Samaki wa Kupaka mpaka vita vikaisha. Muulize. La, usimwulize, atajua umeyatoa kwangu.

Mara ya tatu sikucheka. Uzi gani? Nani kautia? Fundi ni kama tabibu, hawezi kumtibu mtu anayemwambia, "Kuna mmoja anaumwa mahali fulani." Nieleze wazi. Tena nieleze siku ile gari lilifanya nini, tangu mlipoondoka nyumbani mpaka likazimika, jambo moja baada ya jingine. Hasa nataka habari ya waipa. Nimesikia kwamba mvua ilikuwa ikinyesha. Waipa zilisimama kabla ya injini au baada yake?

Sikuja msibani kwa mama yako. Kazi ilinibana. Najua hilo si jibu.

Kitsao


Gazi,
28 Septemba 1963

Kwa Ami Kitsao,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Ni mimi niliyetia. Mwanzo wa Mei baba alishikwa na homa akalala siku nne. Gari lilikuwa likitetemeka kila liliposimama, na ukiinamia boneti ulisikia sauti kama ya nyoka pale manifoldi inapoungana na injini. Baba alikuwa amesema, "Hapo panavuta hewa. Nikipona nitapashughulikia." Mimi nilitaka akiamka akute pameshapona.

Babu Chirau, baba yake mama, kazi yake ni kutia mashua kalafati. Tangu utotoni nimemwona akisokota pamba, akiichovya kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, kisha akiipigilia kwenye nyufa za mbao mpaka maji yasipite. Kwetu kinachovuja hutiwa kalafati. Sikujua kwamba kuna uvujaji wa namna nyingine. Nilichukua pamba yake na sifa kidogo, nikaipigilia kwa kisu cha jikoni kuuzunguka mwungano wote. Ile sauti ikanyamaza. Nilifurahi sana, Ami. Sikumwambia mtu, maana nilitaka baba ajionee mwenyewe.

Siku ya tatu yake mama aliharibikiwa na mimba, na damu haikukata. Ilikuwa asubuhi, mvua kubwa. Baba aliamka na homa yake akawasha gari twende hospitali Msambweni. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha mama mapajani mwangu.

Waipa zilisimama kwanza. Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivi, na nina hakika. Tulikuwa tumeyapita mashamba ya minazi, hatujafika mtoni. Zilipunguza mwendo, kisha zikasimama katikati ya kioo. Baba alitoa kichwa nje ya dirisha aone njia. Akateremka polepole kwenye kivuko cha Mkurumudzi, kwa sababu maji yalikuwa yanapita juu ya saruji, na alipopunguza mafuta injini ikazimika. Akasema, "Maji yameingia kwenye plagi." Alizipangusa kwa shati lake. Alipiga hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikatoka damu. Inawaka, inazimika. Inawaka, inazimika. Mwishowe walitokea watu wa kazi ya barabara wakatusukuma mpaka ng'ambo, na baba akaendesha bila kuachia mafuta hata kidogo. Tulikaa mtoni zaidi ya saa nzima. Mama alikuwa akiniuliza, "Tumefika?" nami namwambia tunakaribia. Tulipokuwa njiani tena, hakuuliza.

Baba anaamini kwamba ni mvua. Mtu akiitaja siku ile husema, "Mvua ni ya Mungu," na hapo hutulia. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba mle ndani mna pamba. Ndiyo sababu nataka kufungua kabla ya fundi wa Bwana Mwinga. Na ndiyo sababu sikurudi shule. Sikuweza kukaa darasani nikiwaza kwamba labda nimemwua mama yangu.

Tafadhali nijibu.

Mwanatumu


Mombasa,
26 Oktoba 1963

Mwanangu,

Nimechelewa. Usinihesabie siku.

Pamba si kitu. Pamba ikivutwa ndani huungua ikatoka kwa ekzosi kama moshi, basi. Acha kuiwaza.

Chande, kondakta wa basi la Lunga Lunga, atakuachia kifurushi kwa Abdulkadir. Mna gasketi ya manifoldi, usiikunje. Mna mpira wa waipa, ule unaovuta hewa kutoka kwenye manifoldi, maana waipa za gari lenu huendeshwa na pumzi ya injini. Na mna karatasi ngumu kwa ajili ya gasketi ya kabureta, hiyo utaikata mwenyewe. Usipime kwa rula. Ilaze karatasi juu ya mdomo wa chuma, uishike imara, kisha uigonge taratibu kwa nyundo ndogo kufuata ukingo. Chuma chenyewe kitaikata, nayo itafanana nacho kuliko utakavyoichora.

Injini iwe baridi. Ondoa waya wa betri. Nati zitakuwa zimeshika kutu, zipake mafuta ya taa uziache mpaka kesho yake; usizilazimishe. Gasketi ya zamani ikwangue yote kwa kisu butu, na matundu ya injini uyazibe kwanza kwa kitambaa ili uchafu usiingie, na kitambaa usikisahau humo. Kufunga, anza na nati za katikati kisha uende nje, kila moja kidogo, uzirudie zote tena. Ukiikaza moja mpaka mwisho kabla ya wenzake chuma kitapinda, na hewa itaingia kama mwanzo.

Mpira wa zamani wa waipa ukishautoa, uchome jikoni. Hauna faida. Usimwonyeshe mtu.

Kitsao


Gazi,
10 Novemba 1963

Kwa Ami Kitsao,

Shikamoo, na ahsante kwa kifurushi. Kazi nimeimaliza. Baba alikuwa amekwenda Matuga kwa habari ya hati ya shamba, akakaa kwa ndugu yake siku nne, nami nikapata nafasi.

Siku ya kwanza nilipaka mafuta ya taa tu. Siku ya pili nati tano zilifunguka na ya sita ikakataa. Niliikalia mpaka adhuhuri. Shangazi alipita na ungo wake, akasimama akanitazama.

"Haya makubwa! Wenzio wanapakwa hina, wewe wajipaka grisi?"

Nikamwambia nalisafisha gari kabla ya kuuzwa.

"Safisha, mwanangu, safisha. Mwinga akija atadhani na fundi yumo katika bei."

Alicheka peke yake, kisha akaniletea kipande cha muhogo, akanilisha kwa mkono wake kwa sababu wangu ulikuwa mchafu. Nusura nimwambie. Sikumwambia.

Ile nati ya sita ilikubali alasiri. Nilipoivuta manifoldi, pamba ilitoka nayo. Nimeitoa yote kwa sindano kubwa nikaipanga juu ya gunia kama ilivyokuwa imezunguka. Imepungua kipande kimoja, urefu wa kidole changu cha shahada. Nilitafuta ndani kwa taa, sikukiona. Kimeingia, Ami. Umesema huungua ikatoka, nami nataka kukuamini.

Gasketi ya kabureta niliikata kwa kugonga kama ulivyoniambia. Ya kwanza ilichanika. Ya pili ilitoka vizuri, nikaishika juani nikaitazama muda mrefu, kwa kuwa sijapata kutengeneza kitu kikakaa sawa namna ile.

Sasa mpira. Ukisimama mbele ya gari unaonekana mzima. Lakini upande wa chini, pale ulipovikwa kwenye manifoldi, umepasuka urefu wa nusu kidole, na ndani umelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Nilipoupangusa nikaona kwamba si mweusi. Ni wa kijani, una mstari mweupe, kama ile mipira ya kumwagilia bustani kwenye nyumba za Wazungu kule Diani.

Nisamehe, sikuuchoma. Nimeufunga kwenye kitambaa nikauweka. Ami, mpira wa bustani ulifikaje kwenye gari? Na kwa nini uliniambia niuchome?

Gari sijaliwasha, betri imekufa. Na hata kama ingekuwa nzima, ningeogopa baba aje aisikie sauti yake.

Mwanatumu


Mombasa,
16 Novemba 1963

Mwanatumu,

Nilisema uuchome. Mambo mengine si ya mtoto kuuliza. Gari ni zee, limetiwa mengi na wengi. Liuzeni, mpumzike.

Kitsao


Gazi,
Jumamosi, 23 Novemba 1963

Kwa Ami Kitsao,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikaelewa. Mpira haukuwa na maana yoyote, nami nimekuudhi kwa kuuliza. Wewe ni mtu wa kusema wazi. Kwa hiyo kama umeanza kunificha, ni kwamba umejua kuwa ni pamba, nawe unanionea huruma kwa sababu mimi ni mtoto. Ahsante. Lakini sitaki tena kuhurumiwa.

Ijumaa ijayo, baba akirudi kutoka msikitini, nitamwambia kwamba haikuwa mvua. Nitamwambia kwamba ni mimi. Nimeshayaandika maneno kwenye karatasi, na kama sitaweza kuyasema nitampa Babu Chirau anisomee. Najua baba hatatulia tena akishajua. Lakini mimi siwezi kumpakulia chakula kila siku huku naliweka hili moyoni.

Usisumbuke kunijibu. Umenisaidia sana katika kazi.

Mwanatumu


Mombasa,
26 Novemba 1963
Kwa mkono wa Chande, kondakta

Kwa Athmani,

Ndugu yangu, barua hii atakusomea binti yako. Mwanatumu, msomee baba yako mpaka mwisho, usiruke, na wewe usiseme neno lako lolote kabla hujamaliza langu.

Athmani, Februari, kabla ya Idi, uliniletea gari. Nilikubadilishia mpira wa waipa. Mpira wenyewe sikuwa nao. Ningeweza kukuambia, "Subiri wiki mbili," lakini walikuwepo vijana wa gereji wakitusikiliza, na wewe ulikuwa umetoka kuwaambia kwamba Mombasa nzima hakuna fundi kama Kitsao. Niliona haya. Nikakata kipande cha mpira wa bustani, nikakivika, nikakuambia ni mpya. Mpya ulikuwa. Lakini haukuumbwa kwa joto wala kwa mvuke wa petroli, nami nilijua hivyo wakati naukata. Nikasema moyoni, wa kweli ukija nitamwita.

Wa kweli ulikuja Machi. Niliutundika msumarini juu ya meza yangu. Kila nilipouona nilisema, wiki hii nitampelekea habari. Uliendelea kuning'inia hapo.

Mei, Chande alinipasha habari za msiba. Akasema gari lilizimika kivukoni na mkeo akafa njiani. Niliinua macho nikauona msumarini. Ndiyo sababu sikuja. Haikuwa kazi.

Septemba mtoto aliniandikia. Aliungama kwamba alitia kalafati ya babu yake kwenye manifoldi ulipokuwa mgonjwa, akitaka uamke ukute pamepona, na akaniuliza kama ndiyo iliyoizima injini. Nikamwuliza habari ya waipa, na jibu lake lilinimaliza. Waipa zilisimama kwanza. Zinasimama hivyo mpira unapopasuka, Athmani, si kwa pamba wala kwa mvua. Kutoka hapo injini ilikuwa inavuta hewa tupu kwenye tundu, na kila ulipoachia mafuta ilikuwa lazima izimike. Plagi ulizipangusa bure. Kalafati yake iliziba pale ilipotiwa. Kidole kimoja tu cha pamba kiliingia, nacho kiliungua kikatoka. Haikumwua mtu.

Nilijua hivyo tangu mwisho wa Septemba. Nilinyamaza mwezi mzima, kisha nikamtumia mtoto ule mpira wa msumarini, nikamwambia wa zamani auchome. Asingekaidi, mngekwisha kuliuza gari, nami ningekuja Idi kula pilau kwako. Aliponiuliza nilimkemea. Sasa anadhani ni yeye.

Si yeye. Ni mimi.

Kitsao


Gazi,
16 Rajabu 1383, sawa na 3 Disemba 1963

Kwa Kitsao,

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu nilizozisoma chuoni, na najua huzijui. Mtafute mtu akusomee. Atakayekusomea atasikia yote, na nataka asikie.

Barua yako amenisomea binti yangu siku ya Ijumaa. Hakuruka neno, hata pale ulipomtaja yeye. Alipomaliza akaniletea pamba katika gunia na mpira katika kitambaa, akaviweka mbele yangu, akasimama ukutani.

La mpira sitalisema hapa. Tumelala chini ya lori moja miaka mitatu, na la namna hiyo halisemwi kwa wino. Ningeweza pia kusema kwamba dereva hutazama mipira yake kila asubuhi, na kwamba mimi sikutazama siku nne. Hilo ni langu na Mola wangu.

Lakini lipo jingine. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuandikia kwamba huenda amemwua mamake. Ulikuwa na neno moja la kumwambia. Ukalitia kibindoni miezi miwili. Miezi miwili hiyo amenipakulia chakula asubuhi na jioni, yeye mwenyewe akala matonge matatu, nami nikadhani ni majonzi kama yangu. Mamake Mwanatumu amekwenda, na aliyekwenda hatumrudishi. Huyu alikuwepo. Huyu ungeweza kumrudisha siku ile ile, kwa senti za stempu.

Njoo. Usimtume Chande, usitume karatasi. Msibani hukuja; njoo sasa, ukae mkekani, umwambie yeye kwa kinywa chako mbele yangu na mbele ya babu yake. Baada ya hapo tutajua kama sisi bado ni watu wa kula sinia moja.

Na uje na betri.

Athmani


Gazi,
20 Disemba 1963

Kwa Ami Kitsao,

Shikamoo. Chande ametuambia kwamba ulifika salama Mombasa. Sherehe za Uhuru zilikuwa nzuri hapa, waliimba mpaka asubuhi. Mimi nilikwenda na shangazi tukatazama kidogo.

Siku ile ulipokuja wewe uliongea, kisha Babu Chirau akaigeuza pamba mikononi mwake akaniambia, "Umeipigilia sawa. Ingekuwa mashua, isingeingia maji," na shangazi akatoka nje kwa sababu hakujua acheke au alie. Kisha ukaniuliza mbele ya wote kama nimekusamehe. Nilitazama mkeka. Baba akakuambia, "Mwache. Akiwa na jibu ataandika." Kwa hiyo naandika.

Jibu langu ni kwamba bado sijui. Siku nyingine nakumbuka jinsi ulivyoshindwa kunyanyua kikombe cha kahawa, nakuonea huruma. Siku nyingine ninasonga ugali, nakumbuka ile barua fupi ya Novemba, na hasira inanipanda mpaka mwiko unanitoka. Kile kidole cha pamba nacho bado nakiwaza. Wewe umesema kiliungua, na baba amesema hivyo hivyo, na siku nyingi naamini. Siku nisiyoamini namwambia baba, naye hunieleza tena tangu mwanzo, waipa kwanza, kisha injini. Hachoki. Nikipata jibu jingine nitakuandikia hilo pia.

Januari nitarudi darasa la nane. Mwalimu amekubali.

Bwana Mwinga alikuja Jumatatu na fundi wake. Walifungua boneti, baba akaliwasha kwa ile betri uliyoleta, wakasikiliza, fundi akauliza nani kaifunga manifoldi ile. Baba akasema, "Yumo jikoni." Hawakuelewa. Walikubaliana gari lichukuliwe Jumatano.

Jumanne asubuhi baba akaniambia, "Ingia." Hakusema tunakwenda wapi. Tulipoyapita mashamba ya minazi nikajua. Maji yalikuwa machache tu mtoni. Alisimamisha gari katikati ya kivuko, akatoa gia, akaniambia nihamie kitini pake nikanyage mafuta kidogo. Akashuka, akafungua boneti, nami sikuweza kumwona uso.

"Toa mguu," akasema.

"Baba, itazimika."

"Toa."

Nilitoa. Sauti ikashuka, ikashuka sana, nikafumba macho. Haikuzimika. Ikakaa hapo chini, inanguruma taratibu, bila mtu kuishikilia. Kisha nikamsikia baba akisema, si kwa kuniambia mimi, "Kumbe ingeweza."

Siku ya maziko hakulia. Ni yeye aliyekuwa akiwanyamazisha watu. Alilia pale, amesimama nyuma ya boneti, maji yanampita viatuni. Sikushuka, kwa sababu hakuniambia nishuke. Nilikaa nimeshika usukani, miguu yangu mbali na vikanyagio, nikaisikiliza injini mpaka alipomaliza.

Mwanatumu